Mwalimu Aliyemwacha Greaves Nje

Mwaka 1966 Alf Ramsey, mwalimu wa timu ya Uingereza, alikuwa na mfungaji hodari, Jimmy Greaves. Huyu aliumia mguu walipocheza na Ufaransa, Geoff Hurst akashika nafasi yake. Siku ya fainali Greaves alikuwa amekwisha pona, lakini Ramsey akamwacha nje. Hurst akafunga mabao matatu, Ujerumani Magharibi ikashindwa 4–2, nasi twamsifu mwalimu kwa busara yake.

Hurst asingalifunga, tungalisema nini? Bila shaka tungalisema Greaves amedhulumiwa. Na uamuzi ni ule ule, uliokatwa kabla ya filimbi kulia.

Oktoba 1973 Ramsey huyo huyo alihitaji kuishinda Poland pale Wembley. Vijana wake walishambulia karibu mchezo mzima, kipa Tomaszewski akazuia, ikawa 1–1. Mwaka 1974 akaachishwa kazi. Twaona alihukumiwa kwa mikono ya kipa wa watu wengine.

Na Greaves? Hatuthubutu kusema alidhulumiwa, ila mabao ya Hurst hayajibu swali hilo. Medali ya 1966 walipewa kumi na mmoja waliocheza fainali tu. Yeye alipata yake mwaka 2009.