Bure na Huru

Mwaka 2003 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya sekondari nchini Tanzania, yenye kompyuta sita. Asubuhi moja nilimwadhibu mwanafunzi kwa kunakili kazi ya mwenzake. Alasiri, mwanafunzi huyo huyo aliniletea diski tupu, akaniomba nimnakilie programu ya kuandikia akajifunzie kwa mjomba wake. Nilimnakilia. Sikuona haya, wala yeye, kwani hata nakala ya shule ilikuwa ya wizi.

Tukio hilo hunirudia kila inapojadiliwa nafasi ya programu huria shuleni. Watetezi wake huanza na bei: shule zetu ni maskini, na programu hizi hazilipiwi. Ni kweli, lakini hoja yenyewe ni dhaifu. Siku kampuni kubwa itakapozigawia shule programu yake bila malipo, hoja hiyo imekufa. Kiingereza kina neno moja tu kwa maana mbili, hata Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983, amelazimika kueleza miaka yote hii kwamba anakusudia uhuru, si bei. Kiswahili kimetupa maneno mawili, nasi tumeng'ang'ania bure. (Neno ambalo kwetu lina maana pia ya kisichofaa kitu.)

Leseni huria humruhusu mwanafunzi kuitumia programu, kuichunguza ilivyoundwa, kuibadilisha na kumgawia mwenzake. Kwa ruhusa hiyo ya mwisho, mwalimu haitwi tena kuchagua baina ya sheria na ukarimu. Mimi niliyachanganya yote mawili mbele ya mtoto, na alichojifunza kwangu siku ile ni unafiki.

Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Hawakuhitaji kumbembeleza mwenye mali yeyote. Niliiona nikiwa masomoni ughaibuni, nikakaa nikisoma orodha za amri moja baada ya nyingine, kwa furaha ya kitoto. Lakini sikuwahi kuikuta ikifundishiwa katika shule yoyote niliyoitembelea.

Mzazi ataniuliza: mwajiri je, si anataka programu anayoijua? Simbezi. Mtoto wa maskini atafutaye ukarani hawezi kungojea falsafa yangu, ingawa aliyejua kupanga barua na jedwali hahitaji muda mrefu kuzoea programu nyingine. Kinachonisumbua zaidi ni mwalimu aliye peke yake, mashine imegoma, fundi hayupo. Kuruhusiwa kuifungua programu si kujua kuifungua. Jimbo la Kerala, India, lilipozihamishia shule zake za serikali kwenye programu huria, liliwafunza walimu kwa maelfu. Sisi mjadala wetu bado unaanza kwa kuuliza tutaokoa shilingi ngapi.