Kimya Katika Biashara ya Motokaa Kuukuu

Anunuaye kitu kipya hununua kazi ya kiwanda; anunuaye kitu kilichokwisha kutumika hununua pamoja nacho sehemu ya maisha ya mtu mwingine. Katika motokaa kuukuu mna safari asizozijua mnunuzi, mizigo iliyopita kiasi, mito iliyovukwa kwa pupa, na matengenezo yaliyofanywa usiku kwa waya na kamba za mpira. Mwenye kuuza huyajua hayo yote, au baadhi yake. Mwenye kununua hayajui. Katika tofauti hiyo ndimo lizaliwamo swali ninalotaka kulitazama hapa: mtu ajuaye jambo ambalo mwenziwe halijui, na jambo hilo lina thamani ya fedha, je, ana wajibu wa kulisema, au yatosha kwamba hakusema uongo?

Swali hili ni la kale, na wenye hekima wa mataifa mengi wamelijadili. Mimi nalileta kwa njia ya Tunduma, maana ndiko lilikonikuta.

Tunduma ni mji wa mpakani, na ng'ambo yake ni Nakonde ya Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hufika hapo baada ya kukata zaidi ya kilomita 900 za nchi yetu, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa serikali mbili mwaka 1976, hupita papo hapo. Tangu mwaka 2019 maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi pamoja katika kituo kimoja cha forodha. Motokaa nyingi za Japani zishukazo bandarini Dar es Salaam kwa safari ya Zambia na Kongo ya kusini hupita njia hiyo, zikiendeshwa na vijana wenye haraka. Watu huziita magari ya IT. Aketiye kando ya barabara Mlowo au Vwawa huziona zikipita kutwa. Kwa hiyo katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, biashara ya motokaa zilizotumika si habari ya kusimuliwa bali ni jambo la mlangoni.

Sababu ya motokaa hizo kutoka Japani yafaa kutajwa, kwa kuwa yaonyesha jinsi ujuzi unavyopotea njiani. Huko motokaa mpya ya mtu binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, na kisha kila miaka 2, na gharama ya ukaguzi na matengenezo si ndogo. Wengi huona heri kuuza. Nao huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani ukiwa kulia. Basi motokaa iliyokuwa na mwenyewe, na kumbukumbu zake zote za ukaguzi, huingia melini. Na ifikapo mkononi mwa dalali wa tatu au wa nne, kumbukumbu hizo zimebaki tarakimu chache tu katika kipimo cha kilomita, ambazo fundi mwerevu aweza kuzirudisha nyuma kabla chai yake haijapoa.

Sasa, kwa nini mtu wa Songwe atake motokaa ya porini, ile ivutayo kwa magurudumu yote manne, na tena kuukuu? Jibu liko nje ya lami. Ukishuka bonde la Momba kuelekea Kamsamba wakati wa mvua, udongo hushika gurudumu kama mkono wa mdai. Ukipanda milima ya Ileje, lami ya kutoka Mpemba hadi Isongole imepunguza taabu nyingi, lakini nyumba za watu hazikujengwa juu ya lami. Kahawa ya Mbozi huvunwa kiangazi. Mbolea na mgonjwa havingoji kiangazi. Motokaa mpya ya namna hiyo ni mali ya serikali, ya mashirika na ya matajiri. Ile kuukuu ndiyo iliyo karibu na mkono wa mkulima aliyeweka akiba miaka kumi.

Nayo ina sifa za kweli. Land Rover, iliyoonyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1948, na Land Cruiser za umbo lililoanza mwaka 1984, zimezoeleka mno kwetu. Zile za zamani zenye injini ya dizeli isiyo na kompyuta huweza kufunguliwa na fundi wa kijijini kwa spana alizorithi kwa mjomba wake, na spea hazikosekani. Bei yake haianguki upesi, hivyo aliyeinunua aweza kuiuza bila kulia. Upande wa pili, hunywa mafuta bila huruma, na ushuru wake na bima yake haviulizi kama mavuno yalikuwa mema. Lakini hizo ni hasara zinazohesabika. Hasara isiyohesabika ni ile iliyofichwa: chesisi iliyoliwa na kutu, kwa maana katika sehemu zenye theluji humwagwa chumvi barabarani, injini iliyotiwa oili nzito ili moshi usionekane siku moja tu ya majaribio, bodi iliyozibwa kwa puti na kupakwa rangi ing'aayo. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilitungwa kabla ya kugunduliwa rangi ya kupuliza.

Mimi nimewahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Miaka mingi iliyopita nilinunua motokaa ya namna hii Tunduma. Muuzaji hakunidanganya kwa neno hata moja. Nilimwuliza kama injini ni nzuri, akasema ni nzuri, na kweli ilikuwa nzuri. Sikumwuliza habari ya chesisi, naye hakusema. Baada ya majuma matatu niliiosha kwa maji ya nguvu, lami iliyopakwa chini ikabanduka, nikaona chuma kimevunjika na kuungwa kwa kuchomelewa karibu na springi za nyuma. Juma lililotangulia nilikuwa nimeteremka nayo milima ya Ileje na watoto wanne wa ndugu zangu. Nilimlaani mtu yule mwezi mzima, nikasema kimya chake kilikuwa uongo usio na sauti.

Kumbe nilikuwa nimechukua upande katika shauri lililokwisha kujadiliwa kabla ya kuzaliwa kwa Nabii Isa. Mwaka 44 kabla ya kuzaliwa kwake, Cicero wa Roma aliandika juu ya wajibu, akaeleza ubishi wa wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater mwanafunzi wake. Mfanyabiashara amefika Rhodes na nafaka wakati wa njaa. Anajua kwamba majahazi mengine yenye nafaka yako njiani. Je, awaambie watu, au auze kwanza kwa bei ya njaa? Diogenes alisema muuzaji ataje kasoro zile ambazo sheria inamtaka azitaje, na kwa mengine asidanganye. Kunyamaza si kuficha. Antipater alisema wanadamu ni jamaa moja, na anyamazaye kwa faida yake amevunja ujamaa huo. Cicero mwenyewe alikuwa upande wa Antipater.

Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata nyayo za sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, imesimama katikati, na zaidi karibu na Diogenes. Afanyaye biashara ya kuuza vitu vya namna ile, akijulishwa haja ya mnunuzi anayemtegemea, yampasa kutoa kifaacho. Lakini mtu binafsi auzaye motokaa yake hana wajibu huo, na mnunuzi ajiangalie mwenyewe. Fikihi ya Kiislamu ni kali zaidi: muuzaji sharti aionyeshe aibu ya kitu chake, na mnunuzi akigundua iliyofichwa ana hiari ya kukirudisha. Nao wachumi wameongeza hoja yao. George Akerlof alionyesha mwaka 1970, kwa mfano wa motokaa zilizotumika za Marekani, kwamba mnunuzi asipoweza kupambanua nzuri na mbovu, hutoa bei ya wastani; wenye nzuri hukataa bei hiyo na kujitoa, na soko hubakiwa na mbovu. Kwa hiyo kimya hakimwumizi aliyenunua tu. Humfukuza sokoni mwenye kitu chema.

Haya yote niliyajua, nikayafundisha hata darasani, na kila mara nilijihesabu katika kundi la waliodhulumiwa. Kisha kaka yangu akaniita nimsindikize kununua motokaa.

Mwenye kuuza alikuwa mjane, jirani wa mbali, huko huko Mbozi. Marehemu mumewe aliacha Land Cruiser iliyokaa bandani miaka miwili chini ya turubai. Tulimwamkia, akatuletea viti, akataja bei: shilingi milioni 14. Fundi wetu alijilaza chini kwa nusu saa, akaiwasha, akasikiliza, akatuita nyuma ya banda. Alisema chesisi ni nzima kama siku ilipotoka kiwandani, injini haijafunguliwa, na kwamba Tunduma haitauzwa chini ya milioni 24. Mama yule alikuwa ameipanga bei kwa kumwuliza mtu asiyejua.

Kaka aliniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, usiseme kitu. Hakuna aliyemdanganya."

Nakiri kwamba hoja zake zilikuwa na uzito. Alisema bei imetajwa na mwenye mali kwa hiari yake. Alisema mama ana watoto wakubwa waliosoma, wangeweza kuuliza. Alisema injini aweza kuinunua leo na ikafa kesho, na hapo mjane hatamrudishia senti. Tena alisema neno lililonichoma: kwamba fundi amelipwa kwa fedha yake, hivyo ujuzi ule ni mali yake. Diogenes asingesema vizuri zaidi. Mimi nami niliona kwamba kimya kile, ambacho kinywani mwa muuzaji wa Tunduma nilikiita uongo, kinywani mwetu nilikuwa karibu kukiita busara.

Lakini kama ujamaa wa wanadamu unamlazimu muuzaji aseme kasoro, sioni ni kwa njia gani unamwachia mnunuzi afiche uzuri. Cicero huyo huyo asimulia habari za Quintus Scaevola, aliyetaka kununua shamba, akaomba atajiwe bei mara moja. Alipotajiwa alisema yeye aliona thamani yake ni kubwa zaidi, akaongeza sesta laki moja. Na Waislamu wamesimulia habari za Sahaba Jarir bin Abdallah, aliyenunuliwa farasi kwa dirhamu 300, naye akamwambia mwenye farasi kwamba mnyama yule ana thamani zaidi, akampandishia bei mpaka 800. Watu huzisoma hadithi hizi kama maajabu. Mimi nadhani ni hesabu tu iliyofanywa pande zote mbili za mizani.

Nilimwambia mama. Nilimwambia mbele ya kaka, kwa maneno machache, kwamba motokaa yake yapata milioni 24 Tunduma, na kwamba asiiuze kabla ya kuuliza. Alinyamaza, kisha akasema, "Ahsante, mwanangu." Siku ya tano aliiuza kwa mtu wa Tunduma. Kaka hakuwa na milioni 24.

Hapo ndipo ilipo shida ambayo sikuikuta kwa Cicero. Scaevola aliongeza fedha yake. Jarir aliongeza dirhamu zake. Mimi nilikuwa mkweli kwa mali ya kaka yangu. Nilikwenda pale kama macho yake na ulimi wake, nikautumia ulimi huo kumnyima alichokifuata. Masika yale alikodi trekta mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya mbolea, mara ya pili kumtoa mkewe aliyekuwa na uchungu wa uzazi. Mtoto alizaliwa salama, lakini usalama huo haukutokana na mimi. Yafaa kusemwa kwamba ningeweza kumwambia kaka kwanza nyuma ya banda, "Nitasema, basi amua kama utakaa au utaondoka," na sikufanya hivyo, kwa kuwa niliogopa atanishinda. Haki ya mjane sina shaka nayo hata leo. Ya kaka yangu bado naifikiri.

Mwaka uliofuata alinunua Land Rover kuukuu Tunduma. Hakuniita. Nilipokwenda kumsalimu nilijilaza chini kwa mazoea, nikaona chesisi imechomelewa mahali pawili. Niliinuka, nikamwambia. Akajibu kwamba anajua. Aliyemuuzia alimwonyesha kwa tochi kabla ya kutaja bei.