Kidole Kimegusa, Nia Je?

Somo la alama za vidole halihitaji maabara. Mwalimu wa Kitengela akiwa na penseli, karatasi na selotepu, kipindi kimekamilika. Mwanafunzi husugua penseli hadi karatasi iwe nyeusi, hubonyeza kidole hapo, kisha hukigandamiza kwenye selotepu na kuibandika daftarini. Mistari hujitokeza yote: kwa wengi imejipinda kitanzi, kwa wengine imezunguka duara, kwa wachache imeinuka upinde. Ilianza kuchoreka tumboni mwa mama, karibu wiki ya 10 ya mimba. Hata pacha waliotoka yai moja hutofautiana.

Kwa mwenye imani, hilo ni jambo la kumshukuru Muumba. Kurani, katika sura ya 75, inazitaja ncha za vidole inapozungumzia ufufuo. Zaburi ya 139 inamsifu Mungu anayemfuma mtu tumboni. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wanafunzi wanastahili kulisikia darasani: kukijua kidole cha mtu, je, ni kumjua mtu mwenyewe?

Serikali ya kikoloni nchini Kenya ilijibu kwa vitendo. Sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kuchukuliwa alama za vidole na kubeba kipande, yaani hati ya utambulisho, kilichoning'inizwa shingoni ndani ya kikebe. Lengo kubwa lilikuwa kumdhibiti kibarua asiuache mkataba wa mwajiri. Mwanaharakati Harry Thuku alikipinga, akakamatwa Machi 1922, na waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Dola iliyojua vidole vya watu hao haikujali utu wao.

Kajiado, iliko Kitengela, ina kumbukumbu yake. Katika mikataba ya 1904 na 1911 viongozi wa Wamaasai waliandikiwa kuwa wamekubali kuhama, na jamii ikapoteza Laikipia. Ole Njogo na wenzake walikwenda mahakamani mwaka 1913, wakashindwa. Miongo mingi baadaye, mashamba ya pamoja yaliyoundwa chini ya sheria ya 1968 yalipogawanywa na ardhi kuanza kuuzwa, wazee wasiosoma walitia dole gumba kwenye makaratasi ya Kiingereza. Wino ulithibitisha kwamba kidole ni cha mzee. Haukuthibitisha kwamba alielewa, wala kwamba aliridhia. Waislamu hufundishwa kuwa matendo hupimwa kwa nia, na nia haiachi alama kwenye karatasi.

Sayansi yenyewe nayo huteleza, kwa kuwa anayelinganisha mistari ni binadamu. Baada ya mabomu ya treni ya Madrid, Machi 2004, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilidai kwamba alama iliyokutwa kwenye mfuko wa vilipuzi ni ya Brandon Mayfield, wakili Mwislamu wa jimbo la Oregon. Wataalamu kadhaa walikubaliana. Alizuiliwa wiki mbili, hadi polisi wa Uhispania walipoihusisha alama hiyo na raia wa Algeria. FBI iliomba radhi.

Hayo hayaifanyi elimu hii kuwa mbaya. Mwaka 2022, alama za vidole zilisaidia kuwatambua baadhi ya watu ambao miili yao iliopolewa Mto Yala, na familia zikapata wa kuzika. Huko ni kumrudishia marehemu jina lake, na ni heshima kubwa.

Ndiyo maana zoezi la selotepu lisiishie kwenye kuchora vitanzi. Torati hudai mashahidi wawili au watatu kabla ya mtu kuhukumiwa. Wanafunzi wapewe kisa cha kikombe chenye alama kilichokutwa palipoibiwa, waandike kwanza kile alama inachothibitisha, kisha waorodheshe yote ambayo hakimu bado anapaswa kuuliza: kiliguswa lini, kwa nini, na nani mwingine aliona.