Kurudi na Kurudi Nyuma

Katika sharika zetu kuna maneno yanayoogopwa kuliko mengi: "Amerudi nyuma." Yakitajwa juu ya mtu, watu hushusha sauti. Hatuulizi amerudi wapi, wala ameona nini huko. Tunamhurumia, tunamwombea, na wakati mwingine tunamkwepa. Lakini si kila kurudi ni kurudi nyuma. Mwana mpotevu alirudi. Msamaria aliyeponywa ukoma alirudi kushukuru, wenzake tisa wakaendelea na safari. Petro alirudi kwenye nyavu zake baada ya ufufuo, na Bwana akamkuta huko huko ufukweni. Basi, mtu aliyeacha kitu kwa ajili ya imani akakirudia baada ya miaka mingi, tutajuaje kama amerudi nyuma, au amerudi tu?

Swali hili niliulizwa na mzee wa kanisa mmoja, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwezi Julai 2025. Ujanani alikuwa mpenzi mkubwa wa Black Sabbath, kundi la Uingereza lililopiga roki nzito, ule muziki uitwao hevi metali. Kaseti alizipata kwa binamu yake aliyekuwa baharia. Alipookoka aliambiwa kwamba huo ni muziki wa Shetani, akazichoma zote. Kwa miaka thelathini hakusikiliza hata wimbo mmoja. Kisha zikaja habari kwamba mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, amefariki dunia tarehe 22 Julai akiwa na umri wa miaka 76. Usiku ule mzee wetu alizitafuta zile nyimbo kwenye simu, akasikiliza mpaka saa nane.

"Mchungaji," aliniuliza, "mbona bado nazipenda? Je, nimerudi nyuma?"

Nikamwambia, "Mzee, kabla sijakujibu, niambie umesikia nini."

Akasema, "Zamani Kiingereza changu kilikuwa kidogo, nilisikia gitaa tu. Safari hii nimesikia maneno."

Jibu hilo lilinifanya nifuatilie habari za kundi hilo. Lilianza mwaka 1968 Birmingham, mji wa viwanda, na waanzilishi wake wanne walikuwa watoto wa familia za kawaida za wafanyakazi: Tony Iommi, Ozzy Osbourne, Geezer Butler na Bill Ward. Iommi alifanya kazi katika kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho kazini, akiwa na miaka 17, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, mkono anaobonyezea nyuzi. Alijitengenezea vikofia vya plastiki iliyoyeyushwa, akavivika vidole vyake, na baadaye akazilegeza nyuzi za gitaa ili zisimuumize. Ule mlio mzito ambao wengi huuona wa kutisha umetoka kwa sehemu katika mkono uliojeruhiwa wa mfanyakazi kijana.

Jina la kundi walilichukua kwenye filamu ya kutisha. Wimbo wenye jina hilo hilo, unaofungua albamu yao ya kwanza ya mwaka 1970, haumsifu Shetani: anayesimulia ni mtu aliyeona umbo jeusi likimwelekea, akajawa na hofu na kumlilia Mungu amsaidie. Wimbo wao "War Pigs", wa mwaka huo huo, unawashtaki wakubwa wanaoanzisha vita na kuwaachia maskini wakapigane, kisha unawaonyesha wakubwa hao wakipiga magoti siku ya hukumu. Katika "After Forever" wa mwaka 1971, Butler, aliyelelewa katika Kanisa Katoliki, anamtaka msikilizaji afikirie kifo chake na kumfikiria Mungu kabla ya kumdhihaki. Ndiyo maneno aliyoyasikia mzee wetu. Yale aliyoambiwa zamani na yale aliyoyasikia mwenyewe hayakulingana.

Hapa ndipo Katekisimo Ndogo inapotugusa. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Luther, akiieleza, anakwenda mbali zaidi: tumtetee jirani, tumseme vizuri, na mambo yake tuyaelekeze kwenye maana iliyo njema. Tumezoea kudhani kwamba amri hii ni ya mahakamani na ya wasengenyaji wa mtaani. Lakini jirani ni pamoja na mtu wa mbali ambaye hatutakutana naye kamwe. Tukisimama mimbarani na kusema, "Hawa wanamwabudu Shetani," bila kusikiliza hata wimbo mmoja, tumetoa ushahidi juu ya jambo tusiloliona. Bidii kwa ajili ya Mungu haiugeuzi ushahidi huo kuwa wa kweli.

Hata hivyo, amri hiyo hiyo inatuzuia kuwapaka chokaa. Ulevi na dawa za kulevya viliharibu mengi katika maisha ya Osbourne, na mwaka 1979 wenzake walimwondoa kwenye kundi. Vitisho vya giza pia vilisaidia kuuza muziki huo. Kuwaita wahubiri waliofichwa kungekuwa ushahidi wa uongo wa aina nyingine. Walikuwa watu, wenye hofu ya kifo na hasira juu ya vita, na wenye dhambi zilizojulikana na dunia nzima.

Wengine watasema tatizo ni mlio wenyewe. Tukumbuke basi historia yetu. Katika sehemu nyingi za nchi hii, wamisionari wengi wa mwanzo walikataza ngoma, wakiamini kwamba haiwezi kutengana na ibada za jadi. Leo ngoma ziko mbele ya madhabahu siku ya mavuno, na kwaya zetu za vijana zinapiga magitaa ya umeme. Nchini Finland, nchi iliyotuma wamisionari wa Kilutheri kwetu, kanisa lilianza mwaka 2006 kufanya misa ambayo tenzi za kanisa hupigwa kwa mtindo wa hevi metali. Sisemi tuige. Nasema mlio hauna dini. Moyo ndio wenye dini.

Lakini kuna mtu ambaye nisingemjibu kama nilivyomjibu mzee wetu. Ni yule ambaye muziki fulani ulikuwa mlango wake wa kuingilia kilabuni, na kila akiusikia koo linakauka. Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu kwamba sanamu si kitu, na nyama haituleti karibu na Mungu wala haitutengi naye. Lakini alijua kwamba kuna ndugu ambaye nyama ile ingemrudisha kwenye hekalu la sanamu, na kwa ajili ya ndugu huyo Paulo alikuwa tayari kutokula nyama kabisa. Wimbo ule ule unaweza kuwa kumbukumbu tu kwa mmoja na kamba shingoni kwa mwingine. Hakuna orodha ya nyimbo itakayotuondolea kazi ya kujichunguza.

Kwa hiyo kipimo si kitu ulichokirudia tu, bali jinsi unavyokirudia na kinavyokufanya. Je, unaweza kukisikiliza ukiwa macho, ukakubali kilicho kweli na kukataa kilicho kibaya? Je, baada yake unaweza kusali, au unaikimbia sala? Je, unaweza kumweleza mwenzi wako ulichokuwa ukifanya mpaka saa nane za usiku? Anayerudi nyuma huhitaji giza. Anayerudi tu anaweza kwenda mchana, na anaweza kuondoka tena.

Wiki chache kabla ya kifo chake, tarehe 5 Julai 2025, Osbourne aliimba mara ya mwisho katika uwanja wa Villa Park, karibu na mitaa aliyokulia. Ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umemnyang'anya nguvu za kusimama, akaimba ameketi. Wale wanne wa mwanzo walikuwa pamoja tena baada ya miaka 20, na mapato yalitengwa kwa ajili ya hospitali ya watoto, nyumba ya kutunzia watoto mahututi, na kazi ya kutafuta tiba ya Parkinson. Hilo halifuti mabaya ya miaka ya nyuma, lakini ni sehemu ya ukweli, na anayependa kweli huipokea yote.

Nilimwambia mzee wetu kwamba sioni dalili za mtu aliyerudi nyuma. Naye akanitajia kijana wake wa kidato cha tatu, ambaye amemkataza muziki anaoupenda bila kuwahi kuusikiliza. Wazazi wengi tuko hapo. Tukimwambia mtoto kwamba jambo ni la Shetani, naye akalichunguza akakuta sivyo, tunaweza kupoteza sikio lake siku tutakapomwonya juu ya hatari iliyo ya kweli. Tuketi naye kwanza, tusikilize wimbo mpaka mwisho, tumuulize anasikia nini. Onyo letu, kama bado litahitajika, litakuwa ushahidi wa mtu aliyekuwepo.