Je, Kila Kujitenga ni Uasi?

Mwanafunzi wangu mmoja alinijia akiwa na huzuni. Jamaa zake walimlaumu ya kwamba, kwa kuifuata njia aliyoiona kuwa ya kweli, amekata udugu. Akaniuliza: "Mwalimu, je, kila ajitengaye na watu wake ni mwasi?" Swali hili halifai kujibiwa kwa haraka. Na tutazame kwanza katika miili yetu, maana humo mna mfano.

Mwili umejengwa kwa chembe hai nyingi mno. Ni nini kinachozizuia zisitawanyike kama mchanga? Mwaka 1907 mtaalamu wa Marekani, H. V. Wilson, alimkamua sifongo wa bahari katika kitambaa hata chembe zake zikaachana. Kumbe zilikusanyika tena, zikafanya sifongo mzima! Baadaye ilijulikana ya kwamba juu ya chembe mna protini za kushikana. Baadhi yake ni kadherini, alizozichunguza Mjapani Masatoshi Takeichi. Hizo huhitaji madini ya kalsiamu, na aghalabu kila aina hushikana na aina yake. Hivyo chembe za namna moja hukaa pamoja. Nyingine, integrini, huishikiza chembe katika nyuzi na tando zinazoizunguka.

Lakini protini hizi si gundi tu. Ncha moja iko nje, ya pili imo ndani ya chembe, nazo hupeleka habari: hapa ni mahali gani, jirani ni nani, wakati ni wa kukua au wa kutulia. Mwaka 1994 watafiti Frisch na Francis walieleza ya kuwa chembe za tabaka za mwili, zikibanduliwa mahali pake, hujiua zenyewe. Hali hiyo waliiita anoikisi, kwa Kiyunani maana yake kukosa makao.

Labda msomaji atasema: "Basi jamaa wale wamesema kweli!" La, asiharakishe. Katika mimba changa ziko chembe zitokazo pale unapofanyika uti wa mgongo na ubongo. Hulegeza mshikano wa kwanza, husafiri, na ziendako hufanya mifupa ya uso, neva, na chembe za rangi ya ngozi. Zisingeondoka, mtoto asingepata uso kamili. Chembe za saratani nazo hulegeza mshikano, na mara nyingi hupoteza kadherini. Lakini hizo haziisikii tena amri ya kufa, na zifikapo mbali hula na kuongezeka tu, bila kuutumikia mwili.

Zote mbili zimeondoka. Tofauti haiko katika kuondoka, bali katika kusikia na katika kile kinachojengwa.

Ni kweli, chembe haina hiari, na mfano si hukumu. Mwanadamu huchagua, ndiyo sababu huulizwa. Lakini mfano huu umetuonyesha swali la kujiuliza: je, nilipoondoka, naliendelea kuwasikia wale niliowaacha, na je, kuna mtu anayefaidika kwa safari yangu?

Nilimwambia kijana yule: "Umeiacha desturi uliyoiona kuwa batili, wala hilo si uasi. Lakini mama yako si desturi. Mwandikie leo, umwulize hali yake kabla ya kumweleza yako."