Damu ya Mtoto si Mizani

Katika makabila mengi ya nchi zetu, mtoto aking'oka jino la utoto hulirusha juu ya paa, huku akiomba aletewe jingine lililo zuri kuliko lile. Baada ya hapo hakuna alitazamaye tena. Lakini katika miaka ya 1970, katika miji ya Chelsea na Somerville iliyo karibu na Boston huko Marekani, daktari mmoja jina lake Herbert Needleman aliomba kwamba meno ya watoto wa shule yasitupwe, bali akusanyiwe yeye. Alitaka kupima ndani yake madini ya risasi, yale mazito ambayo kwa muda mrefu yalitiwa katika rangi za nyumba ili zifunike vema na kukauka upesi, na ambayo yalitiwa katika petroli pia.

Sababu ya kuchagua meno ni hii. Risasi ikiingia mwilini hufuata njia ya kalsiamu, ile ijengayo mifupa, ikajificha humo. Damu hutoa habari za majuma machache yaliyopita tu, lakini jino huweka akiba ya miaka. Mwaka 1979 Needleman alitangaza aliyoyaona: watoto ambao meno yao yalikuwa na risasi nyingi walikuwa nyuma ya wenzao katika majaribio ya akili, na walimu wao, wasiojua lolote juu ya meno hayo, walikuwa wamekwisha kuandika kwamba hawatulii wala hawafuati maagizo. Nao hawakuwa wagonjwa wa kulazwa. Walikuwa watoto wa kawaida, wakienda shule na kucheza kama wengine. Ni wangapi walioadhibiwa kwa uvivu ambao haukuwa uvivu?

Tunaileta habari hii mbele ya wasomaji wetu kwa sababu ndani yake mna swali ambalo si la waganga peke yao. Tukisha kumpima kiumbe wa Mungu na kukuta sumu ndani yake, tuna deni gani kwake? Tena, je, ni halali kungoja mwili wa mtoto utuonyeshe jambo ambalo tungaliweza kulijua kwa kupima kopo la rangi?

Mtu asidhani kwamba twalaumu elimu ya kupima. Elimu hiyo imeokoa wengi. Kati ya mwaka 1976 na 1980 serikali ya Marekani ilipima damu ya maelfu ya watu wa nchi nzima, ikaonekana kwamba risasi katika damu imeshuka kwa kadiri ya sehemu 37 katika 100, ikishuka bega kwa bega na risasi iliyokuwa ikipunguzwa katika petroli. Waliokuwa wakisema petroli haina hatia waliishiwa na maneno. Nchi zote za Afrika kusini ya Sahara ziliacha kuuza petroli ya namna hiyo mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, mwaka 2021. Basi kupima ni jambo jema. Shida yaanza pale tunapouliza ni nani apimwaye, na kwa faida ya nani.

Huko Baltimore, katika miaka ya 1990, watafiti wa taasisi iitwayo Kennedy Krieger walitaka kujua kama nyumba kuukuu zenye rangi ya risasi zaweza kutengenezwa kwa gharama ndogo. Nyumba hizo zilitengenezwa kwa viwango mbalimbali, nyingine zaidi, nyingine kidogo. Kisha familia zenye watoto wadogo wenye afya, nyingi zikiwa za Wamarekani weusi maskini, zilivutwa kukaa ndani yake, na damu ya watoto ikapimwa mara kwa mara ili ijulikane kama matengenezo yamefaa. Akina mama wawili walikwenda mahakamani. Mwaka 2001 mahakama ya rufani ya jimbo la Maryland ilikataa kuzitupa kesi zao, na mwenye kuandika hukumu aliwalinganisha watoto hao na wale ndege wadogo, kanari, ambao zamani wachimba migodi waliingia nao chini ya ardhi: ndege akianguka, watu wajue kwamba hewa ni mbaya.

Watafiti walikuwa na utetezi wao, wala si wa kudharauliwa. Walisema kwamba pasipo mradi huo familia zile zingalikaa katika nyumba mbaya zaidi, na kwamba wenye nyumba wakilazimishwa kutengeneza kila kitu watazitelekeza kabisa. Huenda ni kweli. Lakini sharti tutazame jinsi mzigo ulivyogawanywa. Mwenye nyumba alitafutiwa unafuu wa fedha. Aliyetoa damu ili unafuu huo upimwe alikuwa mtoto asiyejua hata kusema ndiyo.

Papa Pio XII aliligusa jambo hili mwezi Septemba 1952, alipozungumza na matabibu waliokutana Roma. Alifundisha kwamba elimu ni kitu chema kweli, lakini si chema kilicho juu ya vyote. Tena kwamba binadamu si kiungo cha jamii kama mkono ulivyo kiungo cha mwili, hata jamii iweze kumtumia ipendavyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 nayo yasema kwamba hata mtu akikubali mwenyewe, ukubali wake hauhalalishi tendo linaloivunja heshima ya binadamu. Itakuwaje basi kwa mtoto, aliyekubaliwa na mwingine?

Kuna jambo jingine linalotusumbua zaidi, nalo ni neno hili "kiwango". Huko Marekani, mwaka 1960, mtoto hakuhesabiwa kuwa hatarini mpaka afikishe mikrogramu 60 za risasi katika desilita moja ya damu. Mwaka 1985 kiwango kilikuwa 25. Mwaka 1991 kikawa 10, mwaka 2012 kikawa 5, na mwaka 2021 kikawa 3.5. Mama aliyempeleka mwanawe mwaka 1965 akakutwa na 50 alirudi nyumbani akimshukuru Mungu. Miili ya watoto haikubadilika katika miaka hiyo yote. Leo Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama. Kitabu cha Mithali chakemea mizani ya udanganyifu. Lakini hapa mizani ilisoma sawasawa, ila tu aliyewekwa juu yake alikuwa mtoto mahali pa bidhaa.

Wala haikuwa kwa kukosa kujua. Mwaka 1904 daktari Lockhart Gibson, wa Brisbane huko Australia, alikwisha kueleza kwamba watoto aliowatibu walidhuriwa na rangi ya nyumba zao wenyewe. Mwaka 1921 mkutano wa kazi uliofanyika Geneva ulipitisha mapatano ya kuzuia rangi ya risasi nyeupe isipakwe ndani ya majengo. Marekani iliikataza rangi ya risasi majumbani mwaka 1978. Kutoka 1904 mpaka 1978 ni miaka 74, umri mzima wa mtu.

Nasi je? Kiasi kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni kwamba risasi katika rangi isizidi sehemu 90 kwa milioni, na Kenya na Tanzania zimo katika nchi zilizokifuata. Lakini sheria iko katika karatasi, na kopo liko dukani. Rangi za manjano na nyekundu zenye kung'aa, zile hasa zipendwazo kwa milango ya madarasa ya chekechea na bembea za watoto, ndizo zinazotiliwa shaka kwanza. Sisi wenyewe, tulipokuwa tukipaka rangi ofisi ya gazeti hili, tuliuliza bei, tukauliza kama itahimili mvua. Ya nini kilichomo hatukuuliza.

Karibu muhula mpya utaanza, na katika parokia nyingi kamati za shule zitakaa kuamua juu ya kuta. Mwenye duka na aulizwe rangi yake ilipimwa na nani, na karatasi ya kipimo iko wapi. Akiwa hana, na aulizwe mwenye kiwanda. Ile ya zamani isikwaruzwe ikiwa kavu, maana vumbi lake ndilo liingialo vinywani; ukuta uloweshwe kwanza, na watoto wawe mbali mpaka sakafu ifutwe kwa maji. Gharama itaongezeka kidogo, na mweka hazina atalalamika.