Hesabu Inapokaribia Kwisha

Mtunzi aliyejiwekea nadhiri ya wimbo mmoja kila siku kwa mwaka mzima huanza kuyumba karibu na mwisho. Mwezi wa sita, wimbo mbovu haumnyimi usingizi, maana kesho upo mwingine. Zikibaki siku nne au tano, kila ubeti anaupima kwa uzito wa mwaka wote: anafuta, anarudia kiitikio, anafuta tena. Gitaa ni lile lile na daftari ni lile lile. Kilichobadilika ni namba aliyoiandika juu ya ukurasa.

Namba hiyo ina haki gani ya kumtisha?

Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, imewahi kupokea watu wawili waliopotewa na hesabu ya siku. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 kumtafuta David Livingstone, na wote wawili walikuwa watu wa kuandika shajara. Livingstone, alipoishiwa karatasi kule Manyema, aliandika juu ya kurasa za magazeti ya zamani kwa wino wa mmea. Hata hivyo walipokutana, tarehe zao zilipishana. Kitabu cha Stanley kinataja 10 Novemba. Shajara ya Livingstone inaliweka tukio lile Oktoba. Homa na njia ndefu vilikuwa vimemeza siku. Bunduki za msafara zililia vivyo hivyo, Susi, mtumishi wa Livingstone, akatoka kumlaki mgeni, na kufika hakukungoja kalenda isahihishwe.

Lakini Stanley alikuwa na mtu wa kumfikia. Wimbo wa kila siku hauna mzee anayesubiri chini ya mwembe.

Aristotle alitenganisha matendo ya aina mbili. Anayejenga nyumba, kama bado anajenga, hajamaliza. Anayeona, tayari ameona. Kila wimbo ni nyumba: una paa, na siku ile ile unaezekwa. Mazoea ya kutunga yako upande wa kuona, hayana tofali la mwisho. Hofu ya mtunzi inatokana na kuyataka mazoea yakamilike kama jengo, na wimbo mmoja, maskini, ndio ubebe paa la nyimbo mia tatu na zaidi.

Wengine mwisho waliletewa. Shaaban Robert alipotunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, vita vyenyewe, vya 1939 hadi 1945, ndivyo vilivyompa kikomo. Mmarekani Jonathan Mann, aliyeanza wimbo wa kila siku 1 Januari 2009, aliendelea kwa zaidi ya miaka kumi. Huyo kaukwepa mtihani, ingawa sina hakika kama kuukwepa ni kuushinda.

Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi, kwenye ziwa hilo hilo la Ujiji, wana utaratibu mwingine. Taa huvuta dagaa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea taa hazina nguvu, basi boti hupumzika na nyavu hushonwa. Usiku wa mwisho wa giza hauvuliwi kwa heshima ya pekee. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ililifunga ziwa hilo kwa miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane, na hapo pia kikomo kilitoka nje ya tamaa ya mvuvi.

Mtunzi mwenye siku nne mkononi angeweza kuwaiga wavuvi hao kwa jambo moja, kutoupa usiku wa mwisho heshima ya pekee: akaandika siku ya mwisho kuhusu bei ya samaki aina ya mgebuka au mvua iliyoloanisha nguo kambani, akaacha kiitikio kikiwa kifupi, na hitimisho la mwaka asiliandike kabisa.